Kiti cha Sikio

Kila Jumatano saa tisa alasiri, kwenye chumba cha nyuma cha kanisa, kiti kimoja huwekwa kando ya mlango, mbali kidogo na mabenchi. Wanawake wa maombi wanakiita kiti cha sikio. Anayekikalia kazi yake ni kusikiliza. Mwenye haja anakuja kwa foleni, anainama, anamnong'oneza, kisha anaenda kukaa. Foleni ikiisha, mwenye kiti anasimama na kuziombea haja zote kwa sauti, bila jina, bila mtaa, bila kitu chochote cha kumfanya mtu ageuze shingo kutafuta ni nani. Kanuni ni hiyo moja tu, na wala si ngumu kuielewa.

Fundi alikikalia kiti hicho miaka kumi na mmoja. Jumatano hii alikuwa benchi la tatu, mkoba mapajani, anamtazama wifi yake akiinamiwa na mtu mmoja baada ya mwingine, na wivu unamtafuna mzima mzima. Alihesabu foleni. Wanawake kumi na tisa. Enzi zake, wakizidi sana, walikuwa wanane. Kumbe hawa wengine walikuwa na haja siku zote hizo, ila walikuwa wanazikalia!

Tusimsingizie. Mwombaji alikuwa, na wa kweli. Akifunga macho, hata watoto waliokuwa wakilia nje walinyamaza. Tatizo lake lilikuwa mdomo. Fundi alishona nguo za nusu ya mtaa, na aliyekuja kupimwa kiuno aliondoka na habari za viuno vya wengine. Halafu ukaja uchaguzi. Mji ukagawanyika kati ya watu wa Mwavuli na watu wa Ngazi, na Fundi alikuwa Mwavuli damu. Sare za kina mama wa Mwavuli alizishona yeye, na kila mteja wa upande wa pili aliulizwa, kwa mzaha wenye mwiba ndani, hiyo ngazi yao wameiegemeza ukuta gani.

Ndipo muuza mkaa alipokuja kwenye kiti akilia. Mumewe alikuwa amehamia Ngazi, nyumbani hawasemeshani. Fundi aliguswa kweli. Akasimama, akainua mikono, akaomba: "Ee Bwana, mkumbuke dada yetu ambaye mumewe amenunuliwa na watu wa Ngazi. Warudishie amani. Na mkaa wake, Bwana, usiuache ulowe."

Kanisa zima lilikuwa na muuza mkaa mmoja.

Siku ya tatu kibanda cha mkaa kilikutwa kimepakwa rangi mlango mzima, na magunia yamechanwa kwa kisu. Nani alifanya, haikujulikana. Mchungaji alimwita Fundi ofisini.

"Mchungaji, jina sikutaja," Fundi alijitetea.

"Hukutaja jina, mama. Ulitaja mkaa."

Akaambiwa apumzike mpaka uchaguzi upite. Hilo angelimeza. Lililomkwama kooni ni kwamba kiti walimpa wifi yake. Angalau wangempa mtu baki! Wifi huyu, dada wa mumewe, alikuwa anaendesha mashine ya kusaga nafaka mtaa wa chini. Ukimsalimia anaitikia, ukimuuliza anakutazama kwanza. Mume alifariki mapema, mtoto hakujaliwa, na maombi yake mafupi kama risiti. Fundi alikuwa na hakika kwamba wiki mbili hazingepita, watu wangemkumbuka yeye. Wiki ya nne hii, na foleni ilikuwa imefika dirishani.

Alipotazama mwisho wa foleni, moyo ukamlipuka. Aliyesimama pale, vidole vina chaki, ametoka moja kwa moja kazini, alikuwa binti yake.

Binti yake huyo, mwalimu wa chekechea, hakuwahi kukikaribia kiti hicho hata siku moja katika miaka yote kumi na mmoja. "Haja zangu naomba mwenyewe, mama," ndivyo alivyokuwa akisema, na Fundi alijivunia, akadhani ni ukomavu wa imani. Leo aliinama kwa shangazi yake, akanong'ona kwa muda ambao mtu angeweza kukunja pindo la gauni zima. Shangazi akamshika mkono. Akautikisa kidogo, akauachia.

Maombi yalipoanza, Fundi hakuomba. Alitega sikio tu, anapanga kila haja na mwenyewe. Ya mgonjwa, hiyo ya mama wa benchi la mbele. Ya mtoto aliyetoroka, hiyo anaijua. Kisha wifi yake akasema, kwa sauti yake ile isiyopanda wala kushuka: "Yuko binti yako, Baba. Unajua neno alilonalo, na unajua kwa nini halisemi. Mpe pa kulisemea. Amina."

Basi. Akahamia haja nyingine.

Neno gani? Fundi alitaka kusimama pale pale. Mtoto kamzaa yeye, kambeba mgongoni akizungusha cherehani ya mkono, kamsomesha kwa vifungo na zipu, leo neno lake linajulikana na mwanamke anayeshinda kwenye vumbi la unga! Alirudi nyumbani bila kumuaga mtu.

Asubuhi ya Alhamisi hakufungua duka. Alikwenda mashineni.

Mashine ya kusaga haina adabu. Ikiwaka, hata radi inapita bila kusikika. Wifi alikuwa amesimama pembeni yake, nyusi nyeupe, kope nyeupe, anamimina mahindi huku sikio amelisogeza karibu na mdomo wa mteja. Miaka yote alifanya kazi hivyo, kumsogelea kila anayesema. Fundi hakuwahi kulifikiria hilo, na hata leo hakulifikiria. Alisubiri mteja aondoke, akapaza sauti.

"Wifi! Mwanangu alikwambia nini jana?"

Wifi alimtazama, akazima mashine. Ukimya ulioingia ulikuwa mkubwa kuliko chumba.

"Karibu, wifi. Umeamkaje?"

"Sijalala. Nimekuuliza swali."

"Muulize mwanao."

"Ningekuwa naambiwa, ningekuja hapa kula vumbi? Wewe ni mke wa nani, mama wa nani, mpaka uwekewe siri za nyumba yangu?" Neno lile la pili lilipotoka Fundi alilisikia mwenyewe lilivyo baya, lakini lilikuwa limeshatoka. "Ulikuwa unakitamani kile kiti. Sema kweli."

Wifi alijipangusa mikono kwenye aproni, polepole, kidole kimoja kimoja. Macho yake yalikuwa mekundu, labda kwa unga.

"Wifi yangu," alisema, "muulize mwanao. Mimi sina jibu lingine." Akawasha mashine.

Jioni Fundi alimsubiri binti yake sebuleni. Mumewe, dereva wa lori, alikuwa safarini, kwa hiyo hapakuwa na wa kumtuliza. Siku nzima alikuwa amelipindua neno lile: lipo neno, halisemeki, shangazi anamshika mkono. Kufikia saa kumi na mbili alikuwa ameshapata jibu, na alishaanza kuhesabu miezi.

Binti alipoingia, hata mkoba hajaweka, mama yake alisimama.

"Una mimba ya nani?"

Alisema kwa sauti ya mtu anayetangaza mnada. Dirisha lilikuwa wazi. Nje, jirani aliyekuwa anaanua nguo alibaki na shuka mikononi.

Binti alikwenda dirishani, akamsalimia jirani kwa heshima zote, akafunga dirisha, akarudi akakaa.

"Sina mimba, mama. Ila kesho asubuhi ninayo, mtaa mzima."

Fundi aligeuka kulitazama dirisha.

"Unataka kujua nilimwambia nini shangazi? Nitakwambia. Nilimwambia nina jambo nataka kumweleza mama yangu, na naogopa. Aniombee mama awe mtu wa kuelezeka. Jambo lenyewe sikumwambia. Alitaka kuniuliza, nikaona mdomo unamcheza, halafu akanishika mkono akasema, mpelekee mama yako."

"Halijui?"

"Hajui chochote. Nani aanze kujua kabla yako?"

Fundi alikaa chini. Alijihisi kama mtu aliyekwenda kumdai jirani kuku wake, akarudi akamkuta bandani anataga. Wiki nne amemchukia wifi yake, asubuhi ya leo amemrushia utasa usoni, na yote hayo kwa ajili ya siri ambayo wifi mwenyewe hakuwa nayo.

"Basi niambie," alisema, na safari hii alisema taratibu.

Binti alisimama. "Bado, mama." Akaenda kuoga.

Siku zilizofuata duka lilikuwa kimya mpaka wateja wakauliza kama anaumwa. Si kwamba Fundi alikuwa ameokoka na umbea kwa usiku mmoja. Maneno yalimjaa vilevile, yalimpanda mpaka kwenye meno. Lakini kila akitaka kuyaachia, aliiona mikono ya binti yake ikifunga dirisha. Aliomba asubuhi, amepiga magoti kati ya cherehani na meza ya kukatia, na maombi yake yalikuwa yamekatwa mkia: "Bwana, nifunge mdomo. Na usinicheleweshe, maana wateja wanaanza kuja saa mbili."

Jumatatu alasiri binti alipita dukani kupima sketi yake mpya. Alipanda juu ya kigoda, mama yake akapiga magoti kupima pindo, na kama kawaida ya mafundi, akabana pini tano kati ya midomo ili mikono yake iwe huru. Alibandika ya kwanza. Akabandika ya pili.

"Mama," binti alisema kutoka juu, "Jumapili nitakuwa wakala wa Ngazi. Kituo cha pale shuleni kwetu. Nitakaa mezani kuangalia kura zinavyohesabiwa."

Fundi aliinua uso. Pini tatu zilikuwa bado mdomoni.

"Najua wewe ni Mwavuli. Sikuombi uhame. Ila yule muuza mkaa walimchania magunia kwa ajili ya mume tu. Mimi nitakuwa nimekaa pale, jina langu limeandikwa. Wakinijua kabla ya Jumapili sijui watafanya nini. Ndiyo hilo."

Akili ya Fundi ilikimbia kila upande. Ngazi! Mtoto wake, kwenye nyumba ambayo imejaa sare za Mwavuli mpaka chini ya kitanda! Alikuwa na mambo ishirini ya kusema, yote matamu. Lakini huwezi kusema na pini mdomoni bila kuzimeza. Kwa hiyo alibandika ya tatu, kisha ya nne, akizunguka kwa magoti, na kufikia ya tano mambo ishirini yalikuwa yamebaki moja.

"Umeogopa peke yako muda gani?" aliuliza.

"Miezi miwili."

"Geuka, nione nyuma." Na alipogeuka, Fundi akapangusa macho kwa pindo la sketi ya mtu mwingine.

Kesho yake, Jumanne, Mwenyekiti wa kina mama wa Mwavuli alikuja na wenzake wawili kuchukua sare. Alikuwa mwanamke mkubwa, mcheshi, mwenye mkono wa kutoa, na hakuna aliyewahi kumwambia hapana kwa urahisi. Alivaa sare yake, akasimama mbele ya kioo, akaona mkono wa kushoto umezidi.

"Nipunguzie hapa, Fundi. Na wakati unapunguza, nisaidie kitu. Tumesikia Ngazi wamemweka msichana wa kanisa lenu awe wakala kituo cha chekechea. Jina hatujalipata. Wewe ulikaa kile kiti miaka yote ile, huwezi kukosa kujua."

Fundi alijifanya anatafuta chaki.

"Hatutamfanyia kitu," mmoja wa wenzake alisema. "Tunataka kumshauri tu." Mwenzake akacheka kidogo.

"Halafu," Mwenyekiti aliendelea, akijitazama kiooni, "mimi kwa kweli sikufurahi ulivyotolewa pale. Wifi yako kiti kinampwaya. Hasemi, haombi, anakaa tu kama mzigo uliosahaulika. Mchungaji ananisikiliza, mabati ya kanisa yalitoka kwangu. Neno moja, na kesho Jumatano umerudi mahali pako."

Hebu tuseme ukweli: moyo wa Fundi uliruka. Alijiona amekaa pale mlangoni, foleni imefika dirishani, wifi yupo benchi la tatu na mkoba mapajani. Aliuona mpaka mkunjo wa gauni atakalovaa. Kumuuza binti yake, hilo halikuwa hata la kujadili. Lakini kulikuwa na njia nyingine, ndogo, nyepesi, isiyo na uongo ndani yake. Angeweza kusema tu: muulizeni anayekaa kiti sasa. Basi. Wangeteremka mashineni. Wifi asingekuwa na la kusema, wangedhani anaficha, na kilichobaki kingekuwa kati yao. Jina hatakuwa ametaja. Wala mkaa.

Neno "muulizeni" lilishafika ulimini. Fundi alichukua kikasha cha pini, akatoa moja, akabana mdomoni. Akatoa ya pili. Akaendelea mpaka zikawa saba, nyingi kuliko mkono wowote unavyohitaji, akaanza kupunguza.

"Fundi?"

"Mm," alisema Fundi.

"Unajua au hujui?"

"Mm-mm." Akamgeuza bega.

Wale watatu walitazamana. "Leo kawa bubu," mmoja alisema, na Mwenyekiti akacheka, ila kicheko hakikufika machoni. Fundi alibandika, akachomoa, akabandika tena. Alifanya kazi ya dakika tano kwa nusu saa. Pini moja ilimchoma mdomo wa chini, akaonja damu, hakuitoa. Walipochoka kusubiri wakachukua sare nyingine, wakasema hiyo watamtuma mtu, wakaondoka. Hapo ndipo alipozitema zote kiganjani, akakaa kwenye kigoda, duka lote likinuka nguo mpya za watu wa Mwavuli.

Jumatano aliingia kwenye foleni. Mbele yake alikuwa amesimama muuza mkaa, na foleni haikwenda haraka. Fundi alimgusa bega.

"Nilikukosea," alimnong'oneza. "Mlango wako niliupaka rangi mimi, kwa mdomo."

Muuza mkaa aligeuka. Uso wake haukuwa umelainika sana. "Najua," alisema. Kisha, baada ya hatua moja mbele: "Angalau leo umesema kwa kunong'ona."

Zamu yake ilipofika aliinama. Wifi alinukia unga, hata baada ya kuoga na kujipaka mafuta. Alilisogeza sikio, kama alivyolisogeza kwa kila mtu. Kwa karibu hivyo Fundi aliona jinsi kiti kilivyomkaa vizuri, na kijicho kikamchoma upya, mbichi kabisa, kana kwamba wiki hii yote haikuwapo.

"Neno lile la mashineni, wifi. Nisamehe," alisema. "Na haja yangu ni hii: nina wivu na wewe. Nimejaribu, haunitoki. Niombee."

Wifi alimshika mkono, akautikisa kidogo, akauachia.

Foleni ilipoisha alisimama kuomba. Alipitia haja moja moja kwa ufupi wake uleule. Akaombea mji, mwavuli wala ngazi asitaje, akaomba Jumapili jioni kila mtu arudi nyumbani kwake na watu wake wamkute mzima. Kisha sauti yake, isiyopanda wala kushuka, ikashuka.

"Na yupo mwingine, Baba, anatazama cha mwenzake na kinamuuma. Mwondolee wivu huo. Na mimi niondolee, maana ninao huohuo, miaka mingi kuliko yake. Amina."

Hakuna aliyegeuza shingo. Haikuwapo sababu. Fundi peke yake, benchi la tatu, ndiye aliyeelewa. Alikumbuka kila sikukuu aliyompeleka binti yake kwa shangazi amevaa gauni jipya, na kila mara aliposema kwa kujitapa, mwone mwanangu. Wifi alikuwa akimtazama mtoto kwanza, halafu gauni, halafu anasema limependeza. Fundi aliinamisha kichwa, akabaki hivyo mpaka mabenchi yalipoanza kusogezwa.

Jioni, jua bado lipo, alikuwa dukani anamalizia mkono wa sare ya Mwenyekiti. Hakuna mtu aliyetumwa kuichukua. Binti yake aliingia, akaweka mkoba juu ya meza, akafunga mlango, akavuta kigoda.

"Mama, kuna jambo lingine."

Fundi aliacha kazi. Bila kufikiri, mkono wake ukaenda kwenye kikasha cha pini, ukatoa mbili, ukazipeleka mdomoni.

Binti alimshika kiganja, akazichukua pini, akazirudisha kwenye kikasha, akafunika.

"Leo acha pini, mama," alisema. "Hili nataka unijibu."